Pita Wewe, Namsubiri Halima

Nilikwenda kwenye sherehe ya kumuaga Halima anayestaafu kazi nikiwa nimejiandaa kuwa mtu mzima. Nilishonesha gauni la kitenge, nikasuka, nikanunua zawadi ya maana, seti ya mashuka mazito, na njia nzima nilikuwa nikijiambia moyoni, Ester, kwa umri huu wivu haukupendezi. Nikakalishwa meza ya mbele kwa sababu mimi ni rafiki wa siku nyingi. Wageni wakaanza kuitwa kutoa neno. Akasimama mwanamume mmoja wa makamo yetu, koti la kahawia, mvi zimemjaa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili akasema anaitwa Yohana, na kwamba asingekuwa hai leo kama si sindano ya mama Halima. "Nilikuwa nimeshakwenda," akasema. "Watu wameshaanza kulia. Huyu mama akanirudisha." Ukumbi ukalipuka kwa makofi, wanawake wakapiga vigelegele, mshereheshaji akaomba muziki kidogo. Mimi nikainamia soda yangu. Sindano ile niliichoma mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na Halima aliyekuwa ameketi juu kule kwenye kiti cha mapambo alikuwa analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka wa sindano hiyo tulikuwa wasichana wawili tuliotoka chuo cha uuguzi, tumepelekwa kwenye zahanati moja ya Mkonze kwa mwaka wa majaribio. Mkonze ile haikuwa hii ya sasa yenye mageti na maduka ya vigae. Ilikuwa mashamba ya mtama na uwele, zabibu hapa na pale, na upepo wa mwezi wa nane unaokujaza mchanga mpaka kwenye meno. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na wapangaji wengine wanne kuzunguka ua. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha futi nne tulicholala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, meza moja, ndoo mbili, na dirisha lililotazama jikoni, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni tulilisikia, na kila tulilosema sisi lilisikika jikoni. Halima alitoka upande wa Chemba, Msandawe, na akiwa anafua au anachambua mlenda alikuwa akiimba kwa ile lugha yao yenye vidoko vya ulimi, wapangaji wanaacha kazi zao wanamsikiliza. Mimi ni Mgogo wa hapohapo, nimezaliwa mwendo wa asubuhi moja kutoka pale. Hakuna aliyewahi kuacha kazi yake kunisikiliza mimi nikiimba. Tulipika ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine tukiwa na bahati tunatia karanga, na hata kwenye sufuria ileile moja mama mwenye nyumba akionja alisema, "Huu leo kapika Halima, nimejua." Mara nyingi nilikuwa nimepika mimi. Nilikuwa nalamba kidole tu.

Lakini ugali ningeuvumilia. Kilichonitesa kilikuwa chumba cha sindano. Watu wetu wakati ule, na wengine mpaka leo, walikuwa wanaamini kwamba dawa ni sindano. Vidonge ulipewa kama huumwi sana, au kama mganga hakukupenda. Mtu anatembea tangu alfajiri, anafika, ukimpa vidonge anavigeuza kiganjani anakuuliza kwa upole, "Na sindano?" Ukimwambia ugonjwa wake hauhitaji sindano anakwenda kukaa chini ya ukuta kununa. Basi siku nzima kazi yetu ilikuwa ni kuchoma. Mabomba yalikuwa ya kioo, tunayachemsha asubuhi, na chumba kilikuwa na viti viwili vya wagonjwa na pazia katikati, Halima upande huu, mimi upande ule, foleni moja mlangoni. Ukiitwa unaingia palipo wazi. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Wiki ya kwanza haikwisha ikajulikana kwamba yule Msandawe ana mkono mwepesi, na huyu wa kwetu, huyu Ester, mkono wake ni mzito. Nikaanza kusikia maneno ambayo nikiyasikia hata leo kwenye foleni ya benki roho inanipanda. "Pita wewe, mama. Mimi namsubiri Halima." "Hapana, pita wewe baba, una haraka." Heshima tupu, jamani. Watu wanapishana mlangoni kwa adabu kubwa, kila mmoja anampa mwenzake nafasi ya kuja kwangu. Upande wangu kiti kitupu, upande wa pili wa pazia vicheko.

Nilimchungulia ili nijue anafanyaje. Sindano aliyotumia ni ileile, dawa ileile, anapima makalio vilevile tulivyofundishwa, kipande cha juu kwa nje, mbali na mshipa wa fahamu. Kwa kweli mara nyingine mimi nilikuwa sahihi zaidi. Tofauti ilikuwa mdomoni. Halima akisalimia, "Mbukwa," kwa Kigogo cha kuokoteza, wazee wanafurahi kama wameletewa nyama. Kisha anauliza swali ambalo lazima mtu afikirie kidogo. "Mama, hivi yule mbuzi wako mwekundu alizaa?" Bibi anaanza kueleza, mapacha, mmoja kafa, na kabla hajamzika yule mtoto wa mbuzi sindano imeingia, dawa imekwisha, pamba imewekwa. "Eh, umeshachoma?" Nikasema basi kumbe ni hilo tu. Kesho yake akaingia kwangu bibi mmoja aliyekosa uvumilivu wa kusubiri. Nikamuuliza mbuzi wanaendeleaje. Akageuza shingo akanitazama. "Mwanangu, wewe choma. Mbuzi walikufa." Nikachoma. Akapiga ukelele mpaka foleni nzima ikasogea nyuma.

Mchana mmoja Halima alipokwenda sokoni nilichukua bomba bovu, nikalijaza maji, nikafanya mazoezi kwenye godoro letu la sponji. Nilichoma godoro lile taratibu, nikalichoma haraka, nikaliuliza habari za mbuzi. Halima aliporudi akakuta upande wake wote umelowa. Hakuuliza kitu. Alilitoa nje akaliegemeza juani, na mama mwenye nyumba alipouliza kulikoni, akajibu, "Nimemwaga ndoo, mama, mimi na haraka zangu." Ningependa niwaambie kwamba nilimshukuru. Nilimchukia wiki nzima. Mtu anakufichia aibu bila hata kujua aibu yenyewe ni nini, utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Kisha akaja mama yangu mdogo. Alikuja na jipu kwenye kwapa, homa kali, amepandishwa baiskeli na mwanawe kutoka kijijini kwetu, na Mzee Lazaro, mganga wetu mkuu wa zahanati, akamwandikia sindano za penisilini. Nikatoka mimi mwenyewe mlangoni kumpokea, nikamwamkia, nikamshika mkono. Pazia langu lilikuwa wazi, kiti kitupu. Mama mdogo akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akakaa kwenye benchi la foleni. "Usinielewe vibaya mwanangu," akasema, na watu wote wanasikia. "Mtu wa nyumbani hakuchomi vizuri, anakuonea huruma. Namsubiri yule mwenzio." Alisubiri na homa yake ile mpaka jasho likamloanishia khanga. Nilikaa nyuma ya pazia langu nikamsikia Halima akimuuliza habari za shangazi zangu, watu wangu mimi, kwa majina, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimsimulia tukiwa kitandani.

Mvua zilipokaribia, Mzee Lazaro akatuita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, kikohozi kingi. Akasema nafasi ya kudumu ni moja. Mwaka wa majaribio ukiisha atampendekeza mmoja wetu abaki Mkonze, mwingine atapangiwa kwingine, popote. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Nilitaka kubaki. Nilitaka siku moja tu mtu wa kwetu aingie mlangoni aseme, nataka mkono wa Ester. Nikaamua kwamba kama sina mkono, nitakuwa na kila kitu kingine. Nilifika kabla ya wote. Nilihakikisha maji yamechemka. Na kila asubuhi, wakati Halima anazungushwa na salamu za benchi zima, mimi nilikuwa napitia trei ya dharura: adrenalini ya kumwokoa mtu aliyekataliwa na dawa ipo, vichupa havijapasuka, bomba lililochemshwa lipo kwenye kitambaa chake safi, dripu ipo, mpira wa kufunga mkono upo. Hakuna aliyewahi kuitumia trei ile tangu tufike. Halima alinitania, "Ester, hiyo trei itakuletea posa."

Yohana alikuja siku ya mnada, wakati watu ni wengi. Kijana mrefu, mchungaji wa ng'ombe, amechomwa na mwiba mguuni, kidonda kimetunga usaha. Mzee Lazaro alimwandikia penisilini kisha akaondoka kwenda kikao mjini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwonyesha kiti changu. "Pita wewe," akamwambia mwanamke aliyekuwa nyuma yake, na yule mwanamke hakutaka, wakabaki wanabishana kwa heshima. Halima akampokea. Nilimsikia kwa masikio yangu akimuuliza kama amewahi kuchomwa dawa ile na kama ilimdhuru kwa namna yoyote, na Yohana akajibu hapana, haijawahi. Baadaye, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia Mzee Lazaro ukweli: penisilini ilikuwa imeshamkataa zamani, alivimba mwili mzima, akaonywa asichomwe tena. Aliificha. "Nilijua nikisema mtanipa vidonge," akasema, na Mzee Lazaro alipokuja kutusimulia alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja.

Halima alichoma, akabandika pamba, wakacheka kitu fulani. Mimi nilikuwa namfunga mtoto kidonda. Kisha nikamsikia Yohana akisema viganja vinamwasha. Akasema na kichwa. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, na sauti ikabadilika, ikawa kama inapita mahali pembamba. Nilifungua pazia. Midomo ilikuwa imeumuka, shingoni vipele vikubwa vimepanda, na alikuwa anateleza kwenye kiti. Halima alimdaka, wakashuka wote mpaka sakafuni, kichwa cha Yohana mapajani mwake. Nje mama yake alikuwa ameshaona kupitia mlangoni, akaanza kulia kilio cha msiba. Mtu mmoja akasema apewe maji ya sukari. Mwingine akasema ni degedege, apepewe. Mimi nilikuwa nimeshashika trei. Nilivunja shingo ya kichupa kwa vidole, kikanikata, nikavuta adrenalini nusu mili, nikapiga goti, na kwa kuwa suruali yake ilikuwa ya kaki ngumu na hapakuwa na muda wa kuivua, nikamchoma pajani kwa nje, juu ya nguo, kwa nguvu zangu zote. Hapo sikumuuliza mtu habari za mbuzi. "Mlaze, inua miguu," nikamwambia Halima, nikaanza kutafuta mshipa wa dripu mkononi. Mapigo ya moyo nilikuwa siyapati, kisha nikayapata, membamba na ya haraka, kisha yakanenepa. Pumzi ikaanza kuingia. Halima hakufanya kosa lolote, niseme hivyo. Muda wote alikuwa ameshika ule uso kwa mikono miwili anamwita jina lake, "Yohana, nipo, usiogope, Yohana, nitazame." Akafungua macho. Akamtazama. Mimi nilikuwa chini kule kwenye mkono, nafunga plasta.

Gari la kumpeleka hospitali lilipoondoka, sifa zilikuwa zimeshafika Kikuyu kabla yetu. Halima amefufua mtu. Na hapa ndipo mniambie nyinyi kama mngeweza. Maana Halima hakukubali sifa ile hata dakika moja. Alisimama palepale kwenye foleni akasema, "Jamani, si mimi. Ni Ester ndiye aliyemchoma ile ya kumwokoa." Akarudia sokoni. Akarudia kwa mama yake Yohana alipoleta jogoo. Akanikabidhi mimi jogoo yule. Jioni tukiwa chumbani namnyonyoa huyo jogoo, nikawasikia wapangaji jikoni. "Kaokoa mtu, na bado sifa anampa mwenzake ili asijisikie vibaya." "Kalelewa huyo. Wasichana wa sasa hawako hivyo." "Na yule mwingine anakubali tu, hata haya hana." Halima alisikia pia. Alitoka mpaka jikoni kuwabishia, na nikamsikia mama mwenye nyumba akimwambia, kwa mapenzi kabisa, "Haya mwanangu, tumekuelewa." Akarudi akakaa kitandani, macho yamemjaa machozi. "Wanakataa, Ester." Nikaendelea kunyonyoa. Ningempa jogoo mzima na miguu yake kama angesema uongo siku ile, hata mara moja, nikapata haki ya kumchukia kwa raha.

Mzee Lazaro ndiye aliyeujua ukweli, maana alikagua trei na kuuliza hatua kwa hatua, na aliponiita peke yangu ofisini niliingia na matumaini yote. Akanisifu. Akasema wauguzi wa miaka mingi wangeganda pale. Kisha akakohoa. "Halima atabaki," akasema. "Watu wanakuja kwa ajili yake, hata wale wa chanjo waliokuwa wanajificha. Wewe nimekuombea hospitali ya mjini, chumba cha dharura. Ester, mkono wako ni wa watu waliozimia." Sikujua nicheke au nilie. Nilisema asante, Mzee. Halima ndiye aliyelia, tena kwa sauti, akanifungia karanga na unga wa uwele wa njiani, na njia yenyewe ilikuwa ni kutoka Kikuyu kwenda mjini, mtu anatembea kwa mguu.

Nikafanya kazi ile ya dharura mpaka nikastaafu mwaka juzi. Nimewachoma waliokuja na kifafa cha mimba, sindano nzito ile ya kuzuia mtukutiko, wakajifungua salama bila kujua kulikuwa na mtu anaitwa Ester. Wenye kisukari waliozimia, unasukuma sukari kwenye mshipa, anaamka anauliza viatu vyake viko wapi. Watoto wa malaria kali, majeruhi wa barabara ya Singida. Wakizinduka wanaona dari, au mama zao, au daktari anayepita na wanafunzi wake. Nikikutana nao mjini wananipita. Halima yeye hawezi kununua nyanya bila kusimamishwa na watu watatu.

Basi ukumbini pale, Yohana alipomaliza, Halima akaomba kipaza sauti. Nilijua atasema nini, na alisema. "Ndugu zangu, leo nastaafu, naomba mniamini mara hii moja. Aliyemchoma Yohana ni yule pale, dada yangu Ester." Akaninyooshea kidole. Watu wakageuka, wakatabasamu, na mshereheshaji akasema, "Mnaona? Mpaka siku ya kuagwa anagawa sifa. Makofi kwa unyenyekevu huo." Yakapigwa makubwa kuliko ya kwanza. Halima akabaki amesimama na kipaza sauti mkononi, akanitazama, akatikisa kichwa.

Wakati watu wanakula, Yohana akaja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Dada, samahani. Vile alivyosema mama Halima ni utani au ni kweli?"

"Ni kweli."

Akanitazama mkono, kisha akagusa paja lake la kulia kwa nje. "Ulinichoma hapa?"

"Hapohapo. Juu ya suruali ya kaki."

Akaanza kutikisa kichwa polepole. "Miaka yote najiuliza. Mtu wa mkono mwepesi namna ile, kwa nini paja liliniuma wiki nzima nikawa nachechemea." Hakuwa anacheka. Alikuwa ameamini. Nawaambia, nilihisi kifua kinafunguka, nikakaa vizuri kwenye kiti, nikasubiri. Akageuka nyuma kutazama meza ya familia yake, akanigeukia tena, na sauti akaishusha.

"Sasa dada yangu, tutafanyaje? Sisi ni watu wa kanisani kabisa. Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, mchungaji alitaka jina la kwenye Biblia. Nilimkatalia mbele ya usharika. Nikamwambia, mtoto huyu asingekuwepo kama si sindano ile." Akainua mkono akaita, "Halima. Njoo umsalimie mama."

Akaja mwanamke mzuri wa miaka thelathini na kitu, miwani, anafundisha chuo kule Chimwaga, baba yake akaniambia haraka haraka akiwa bado njiani. Akapiga goti kidogo, akanishika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mama. Baba, huyu ni nani?"

Yohana akanitazama mimi, akamtazama binti yake.

"Rafiki yake mama Halima," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Jina lake lilikataa kunitoka.